Honi ya Kivuko

"Nipo hapa Nyakato, mama, nimeshapanda gari,
nusu saa nagonga hodi."
Nyuma ya sauti yake kivuko kikapiga honi,
honi ndefu, ya kwenda Kamanga,
na mtu akanadi karanga za kuchemsha.
Nyakato haina kivuko, Malando.
Nyakato haina hata dimbwi la kuogea bata.

Mwezi wa tatu sasa choo changu hakina mlango.
Kuna kanga,
na wageni wamejifunza kukohoa.

Nilimpa kianzio, laki mbili na nusu.
Futi aliisahau, akapima kwa kamba ya kiatu,
hesabu akaiandika kiganjani
akasema, "Kazi ndogo hii. Siku tatu."
Siku ya kwanza alibomoa.
Kubomoa anajua, simnyimi haki yake:
ukuta ulilainika kama andazi ndani ya chai.
Siku ya pili aliomba nauli.
Ya tatu akafiwa na shangazi, Sengerema.
Mwezi uliofuata akafiwa na shangazi yuleyule.
Nikatuma rambirambi mara mbili,
zote pamoja na ya kutolea.

Saruji niliyoinunua Igoma, mifuko sita,
ikanyeshewa uani, ikaganda na karatasi yake.
Mawe sita mapya hapa Mabatini,
kana kwamba tulipungukiwa.

Nikampigia dada yangu Kabula, aliyeolewa Kisumu.
"Wangu," akasema, "alipaka rangi ukuta mmoja
akaenda kununua brashi.
Hiyo ilikuwa Pasaka.
Nasikia sasa yuko Nairobi, anajenga maghorofa."
Nikampigia Luhende, Jinja.
Alicheka hadi salio langu likakaribia kwisha:
mlango wake yeye umefungwa, tena vizuri,
ila ukiufungua unagonga kitanda,
basi anaingia kwake ubavu, kama kaa.
Ziwa moja, bendera tatu,
hela tatu za kubadilisha mpakani,
na kesho moja tu, haibadilishwi popote.

Jioni naketi kibarazani nayatazama mawe ya juu,
lile kubwa limemwegemea mwenzake
kama mlevi anayesindikizwa nyumbani.
Halina saruji. Halikupigwa timazi.
Bibi alilikuta hivyohivyo, akafua chini yake,
akaanika, akazaa, akazeeka.
Aliyelipanga hakuacha namba ya simu.

Kisha Jumamosi moja Malando akatokea.
Hakuomba radhi. Alibeba sato ndani ya mfuko,
mkia umetoboa nje,
na mgongoni kijana wake alibeba mlango.
Mninga. Umepigwa randa hadi unateleza,
na pembeni, mahali ambapo hakuna atakayepaona,
amechonga ua dogo.
Nilikuwa nimeandaa matusi ya miezi mitatu.
Nikapitisha kidole kwenye lile ua,
yakanipotea karibu yote.

Alikuwa juu ya kigoda, misumari mdomoni,
simu yangu ilipolia.
Nilikuwa naparua sato, nikabonyeza spika kwa kiwiko.
"Fundi!"
Tukageuka wote wawili.
"Fundi, yale magauni yangu vipi?
Sherehe ya mwanangu ni keshokutwa!"
Alikuwa mama Nkwimba, wa Kirumba.
Kitenge chake kiko pale, juu ya kabati,
kimekunjwa alivyokileta,
hakijaonja mkasi.
Cherehani imefunikwa, paka kalala juu yake.

"Nipo hapa kwenye mashine, mama," nikasema,
"nakata nyuzi tu, umebaki upindo.
Kesho asubuhi njoo uchukue."

Nyundo ya Malando ilikuwa imeshapanda hewani.
Akaizuia hapohapo, mkono juu,
msumari umesimama mlangoni ukingoja.
Hakunitazama. Alitazama dari.
Mama Nkwimba alisema sana.
Mkono wake ukaanza kutetemeka kwa uzito,
lakini hakuushusha,
akangoja mpaka nikate simu,
ndipo akagonga.